Diploma ya miezi sita au gatini? Jibu kwa binti wa Lamu anayetaka kuongoza watalii

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nina miaka 21, nakaa Langoni, Lamu. KCSE, mtihani wa kidato cha nne, nilipata D+. Kiingereza nazungumza, si kibaya. Nataka kazi ya kuongoza watalii. Chuo kimoja cha Mombasa kimenipa nafasi ya diploma ya utalii ya miezi sita kwa KSh 85,000, nusu ilipwe kabla ya kuanza. Mama ameshaanza kuchanga. Kaka yangu asema hizo ni pesa za kutupa, niende gatini nijifunze kwa waliotangulia. Nifuate la nani?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Mwambie mama azishikilie hizo pesa kwanza.

Kuingia diploma, yaani kiwango cha 6 katika mfumo wa vyuo vya ufundi Kenya, kunataka C- katika KCSE. Wewe una D+. Alama hiyo inakufungulia kiwango cha 5, ambacho ni cheti na kinataka D. Ukikimaliza unaweza kupanda hadi cha 6. Diploma halali nayo huchukua kama miaka miwili, atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, ikiwemo. Chuo kinachompokea mtu wa D+ kwenye diploma na kumtoa kwa miezi sita huenda kinakupa karatasi yake chenyewe, isiyo na mtihani wa taifa nyuma yake. Meneja wa hoteli akiisoma, kitu cha kwanza anachotafuta ni jina la aliyetahini.

Kwa hivyo waulize mambo mawili, na majibu uyapate kwa maandishi. La kwanza: chuo kimesajiliwa na TVETA, mamlaka inayosimamia vyuo vya ufundi, na kozi hii yenyewe imeidhinishwa? Kuna vyuo vilivyosajiliwa kwa kompyuta na ushonaji vinavyofundisha utalii juu ya usajili huo huo, ndiyo maana swali liguse kozi, si jengo tu. La pili: mtihani wa mwisho ni wa nani? Majibu ya kuridhisha ni TVET CDACC au KNEC, ambavyo ni vyombo vya taifa vya kutahini. Ukiambiwa "cheti chetu kinatambulika kimataifa" bila jina la mtahini, funga mazungumzo.

Kama unataka darasa, omba kiwango cha 5 katika chuo cha serikali kupitia KUCCPS, inayowagawa wanafunzi vyuoni, kisha omba mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu. Kenya Coast National Polytechnic iko Mombasa. Kenya Utalii College, iliyoanza 1975 kwa msaada wa Uswisi, iko Nairobi, na jina lake bado lina uzito mkubwa hotelini. Lakini gharama za kukaa Nairobi zihesabiwe mapema, maana karo ni sehemu tu ya safari hiyo.

Sasa nitenganishe karatasi tatu ambazo wengi huzichanganya. Cheti cha chuo chasema ulisoma. Mtihani wa KPSGA, chama cha waongoza safari wataalamu wa Kenya, wapima unachokijua. Mtihani huo una ngazi tatu, shaba, fedha na dhahabu, na fedha haifikiwi bila shaba. Leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, TRA, iliyo chini ya Sheria ya Utalii ya 2011, ndiyo ruhusa ya kufanya kazi. Moja haichukui nafasi ya nyingine. Mtu aweza kuwa na diploma nzuri na bado akakamatwa gatini kwa kuongoza wageni bila leseni.

Shaba ndiyo ningekutaka uiwekee macho mapema, kwa kuwa unaweza kujisomea. Huuliza wanyama, ndege, jiografia, historia, makabila na desturi zao, na mbuga za nchi nzima. Hapo ndipo mtu wa visiwani huumia. Habari za Pate na Siyu anazo, lakini hajui pundamilia wa Grevy anatofautiana vipi na yule wa kawaida. (Mistari ya Grevy ni myembamba na imesongamana, tumbo lake ni jeupe bila mistari, masikio ni makubwa ya mviringo, naye anapatikana kaskazini.) Tafuta kitabu kimoja cha wanyama wa Afrika Mashariki na kimoja cha ndege, vyenye picha, usome kurasa chache kila siku kwa miezi kadhaa. Wiki mbili za kukariri hazitoshi, kwa sababu majina ya ndege hayakai kichwani kwa haraka.

Karatasi nyingine zianze kuandaliwa sasa, kwa kuwa huchelewa: cheti cha tabia njema cha polisi, kinachoombwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na kukutaka upigwe alama za vidole, na mafunzo ya huduma ya kwanza ya Msalaba Mwekundu au St John Ambulance. Cheti cha huduma ya kwanza kina muda wake, kwa hivyo usikichukue mapema mno ukaja kukihitaji kimekwisha.

Huduma ya kwanza usiisomee cheti tu. Kwa Lamu, yanayotokea ni jua, kuharisha, kuteguka mguu kwenye ngazi za mawe, na mwiba wa samaki aitwaye taa ufuoni. Mwiba wa taa hutulizwa kwa kuzamisha mguu katika maji ya moto yanayovumilika, kama nyuzi 40 hadi 45, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu, kisha hospitali. Jaribu maji kwa mkono wako kwanza. Aliyechomwa ana maumivu mengi kiasi kwamba hatahisi anaungua.

Nije kwa kaka yako. Ana haki kwa jambo moja kubwa: hakuna darasa la Mombasa litakalokufundisha maji ya Lamu. Na bila maji huna kazi.

Chukua safari ya Takwa, magofu yaliyoko kisiwa cha Manda ambayo watu wake waliyahama karne ya 17. Boti hupita kwenye mkono wa bahari ulio kati ya mikoko, na maji yakitoka mkono huo hubaki tope. Kwa hivyo safari hupangwa kwa maji kujaa, si kwa saa ya staftahi ya hoteli. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hapa kwetu hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na alasiri, na hupwa kama saa nne au tano asubuhi. Kila siku yanasogea mbele kwa takriban dakika 50. Baada ya wiki moja hali inageuka: maji yanajaa saa nne au tano asubuhi, lakini hayo ni maji mafu, hayapandi sana, na boti inayokaa chini sana majini itagusa. Kwa hivyo mgeni akikuambia "kesho saa tatu asubuhi Takwa", uangalie mwezi kabla ya kujibu. Halmashauri ya Bandari hutoa jedwali la maji kila mwaka. Lichapishe, libandike ukutani, na wageni wapange kwa jedwali lako. Mwongozaji asiyejua haya huwafikisha wageni, huwazungusha magofuni saa mbili, halafu anarudi akute boti imekaa juu ya tope na nahodha amelala. Wageni watakaa humo mpaka maji yarudi, wakiwa na chupa mbili za maji kwa watu sita.

Kamwe usipande chombo kisicho na jaketi za kuokolea maisha zinazotosha idadi ya watu, watoto wakiwa na saizi yao. Nahodha akikuambia "bahari ni shwari leo", mwambie hiyo ni sawa, na jaketi zivaliwe.

Mjini kwenyewe, usijaribu kujua kila kitu. Chagua njia moja ya saa mbili na uijue mpaka kwenye mawe. Mfano: kuanzia ngome, kupitia sokoni, njia kuu, nyumba ya Kiswahili ya makumbusho, hadi Makumbusho ya Lamu mbele ya bahari. Vituo sita, kila kimoja dakika tano hadi nane za maneno. Ngome ilijengwa kati ya 1813 na 1821, baada ya vita vya Shela, kisha ikawa gereza hadi 1984. Mji mkongwe uliingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001. Tarehe hizo mgeni amezisoma kwenye ndege, kwa hivyo usimpe kama ndizo chakula. Mpe sababu ya vitu anavyoviona. Vyumba vya nyumba za mawe ni virefu na vyembamba kwa nini? Kwa sababu dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki zaidi ya mita tatu hivi bila kulegea. Upana wa chumba umeamuliwa na mti. Mpeleke kutoka daka, yaani kibaraza cha mlangoni, hadi kiwanda, ua wa nyumba, kutoka msana, ukumbi mrefu, hadi ndani, umwonyeshe jinsi mgeni wa nyumba anavyosimamishwa hatua kwa hatua kabla ya kufika kwa wenyewe. Makumbusho nako msimame mbele ya siwa, baragumu za watawala, ile ya pembe ya ndovu ya Pate na ile ya shaba ya Lamu, useme zilikuwa zapigwa lini na kwa ajili ya nani. Vitu vingine mwache atazame mwenyewe.

Namna ya kusema ni ujuzi unaofunzika. Usizungumze ukitembea, kwa sababu walio nyuma husikia nusu na vichochoro vyetu havipitishi watu wawili bega kwa bega. Simama, subiri wa mwisho afike, waweke wageni kivulini nawe ukae juani, halafu anza. Punda akipita, mkono mmoja juu, wote ukutani. Jirekodi kwa simu ukieleza kituo kimoja, kisha sikiliza. Utagundua "yaani" na "okei" ni nyingi kuliko maelezo. Usiseme usilolijua. "Nitauliza nikujibu jioni" ni jibu zuri, bora jioni ujibu kweli.

Kuna hadithi zinazopendwa ambazo ningekuomba uziache. Ukifika Malindi utasikia kwamba rubani aliyempeleka Vasco da Gama India mwaka 1498 alikuwa Ahmad ibn Majid. Wanahistoria wengi hawakubaliani na hilo. Inaelekea alikuwa Mgujarati ambaye jina lake halina uhakika. Mgeni aliyesoma atakunyamazia, kisha hatakuamini kwa mengine yote.

Sheria ndogo ndogo ni sehemu ya kazi, kwa kuwa mgeni akikosea ni wewe utakayeulizwa. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu 2017, na tangu Juni 2020 chupa na vyombo vya plastiki vya kutumia mara moja haviingii katika mbuga na hifadhi. Droni inataka idhini ya mamlaka ya usafiri wa anga, na mgeni aelezwe kabla hajafunga sanduku kwao, kwa sababu uwanjani itazuiwa. Viza imeondolewa tangu Januari 2024, badala yake kuna idhini ya kielektroniki iitwayo eTA, inayoombwa kabla ya safari. Magamba ya kasa, matumbawe na kombe kubwa za baharini visinunuliwe hata vikiuzwa barazani. Na kuhusu usalama wa kaunti yetu, mgeni akikuuliza usicheke wala usimtishe. Mwambie asome ushauri wa serikali yake na masharti ya bima yake, kwa kuwa bima nyingi huanguka mtu akienda palipokatazwa na nchi yake.

Pesa ndipo wengi wenye ufasaha wote huo huanguka. Jifunze kupiga hesabu ya safari kabla ya kutamka bei. Tuseme, kwa mfano tu, wageni wanne wanataka Takwa nusu siku. Boti 7,000. Maji na matunda 1,200. Ujira wako 4,000. Jumla 12,200. Ongeza asilimia 10 ya dharura, 1,220, inakuwa 13,420, yaani 3,355 kwa kila mtu. Sema 3,400, tiketi za makumbusho mbali, na uliseme neno "mbali" waziwazi. Sasa wawili wakijitoa asubuhi, boti bado ni 7,000 na wewe bado ni 4,000. Maji na matunda yakishuka hadi 600, ukiongeza asilimia 10, kila mmoja wa waliobaki anapaswa kulipa 6,380. Aliyeahidi "elfu tatu na mia nne kwa kichwa" bila kutaja idadi ameshajilipia safari mwenyewe. Bei itamkwe pamoja na idadi ya watu, na nusu ilipwe jana yake kwa M-Pesa au taslimu, risiti ikiandikwa.

Kamisheni za maduka ni jambo lingine. Wapo watakaokufundisha kwamba pesa iko huko: mpeleke mgeni kwa muuza vinyago au vito vya fedha, uchukue sehemu yako jioni. Msimamo wangu ni kwamba inaua kazi. Bei dukani inapanda kufidia kamisheni, mgeni anaikuta bei nyingine mlango wa tatu, na usiku huo huo anaandika jina lako kwenye mtandao. Pandisha ujira wako uwe wa haki, kisha mpeleke mgeni kwa fundi mzuri bila kuchukua kitu.

Kwa hivyo gatini nenda, lakini si kusimama na kuita wageni. Omba kuwa mwanagenzi wa mwongozaji mwenye leseni. Mbebee maji, hesabu wageni, kaa mwisho wa msafara, na usimkate kauli mbele ya watu. Kila jioni andika maswali ambayo wageni waliuliza, kwa maneno yao wenyewe. Kufikia mwisho wa msimu daftari hilo litakuwa na thamani kuliko noti za chuo. Kazi ya namna hii nayo yaweza kuja kupimwa rasmi, maana Kenya ina utaratibu wa kutambua ujuzi aliopata mtu kazini, ujulikanao kama RPL. Kwa hivyo tunza barua za uliofanya nao kazi, zenye tarehe.

Msimu ukufanyie ratiba. Desemba hadi Machi, kaskazi ikivuma, na Julai hadi Agosti, ndipo wageni wapo: fanya kazi. Aprili hadi Juni mvua na kusi huwafukuza: hapo soma, fanya mtihani, fuatilia karatasi.

Ukipata nafasi ya atachimenti nje ya Lamu, chagua Malindi na Watamu. Katika mwendo mfupi una magofu ya mji wa kale wa Gede, iliyoingia UNESCO mwaka 2024, msitu wa Arabuko-Sokoke wenye ndege kama bundi mdogo wa Sokoke ambao watu huja kutoka mbali kuwaona, mikoko ya Mida, na hifadhi ya bahari iliyoanzishwa 1968. Mwongozaji wa ndege ana kazi hata msimu ukiwa umelala, kwa kuwa wapenda ndege hawaji kwa ajili ya jua. Jambo moja la kule: kaskazi husukuma matope ya Mto Sabaki kusini, kuelekea ghuba ya Malindi, hasa baada ya mvua za Novemba. Usimwahidi mgeni maji ya kioo bila kwenda kutazama.

Lugha: Malindi ni Kiitaliano, bila mjadala. Lamu Kifaransa, Kihispania au Kiitaliano chochote kinakufaa, lakini kiwe kimoja tu na ukifikishe mahali. Kufika ngazi ya B1 katika vipimo vya lugha vya Ulaya, ambapo waweza kueleza jambo na kujibu swali usilolitarajia, huhitaji kama saa 350 hadi 400 za masomo. Salamu za lugha tano hazimlipi mtu.

La mwisho ni la kuwa binti. Wanawake ni wachache katika kazi hii Lamu, na hiyo ni nafasi. Mgeni wa kike anataka kuingia jikoni, kupakwa hina, kukaa na akina mama ukumbini, na mwongozaji wa kiume hawezi kumfikisha huko. Tengeneza safari ya aina hiyo na nyumba mbili au tatu zinazokubali, mkubaliane malipo ya wenye nyumba mapema, na kamera ziingie kwa ruhusa tu. Upande wa tahadhari: kutana na wageni mapokezi ya hoteli au ofisini, si chumbani. Usitoke na boti ukiwa wewe na mgeni mmoja wa kiume pekee. Mchukue msaidizi, na gharama yake iingie kwenye bei. Mtumie mama jina la mgeni, hoteli yake, jina la nahodha na saa ya kurudi kabla hamjaondoka. Nahodha naye ajue kwamba nyumbani kwenu wanajua.